Walezi wa Watoto Wadogo na Afya Yao

Tukipita karibu na shule ya watoto wadogo, ile tunayoiita maternele, macho yetu huenda moja kwa moja kwa watoto. Twatazama kama ni safi, kama wanaimba vizuri, kama wamekula. Mama mwalimu anayesimama katikati yao hatumtazami sana. Tukimtazama, mara nyingi ni kwa kumwuliza kwa nini mtoto wetu amerudi nyumbani na tope nguoni. Leo nataka tumtazame yeye. Nitaanza mbali, katika mji wa Paris, katika karne ya 17, maana jambo hili si jipya, na watakatifu wawili wa Kanisa walilifahamu kwa uchungu mwingi.

Wakati ule watoto wachanga wengi walitupwa na wazazi wao katika njia za Paris na milangoni mwa makanisa. Waliookotwa walipelekwa katika nyumba moja iliyoitwa La Couche. Mtakatifu Vincent de Paul alisimulia habari za nyumba hiyo. Ilitunzwa na mjane mmoja, pamoja na mtumishi mmoja au wawili, na kila mwaka watoto mia tatu au mia nne waliletwa. Fedha za kuwalipa wanawake wa kuwanyonyesha hazikutosha. Watoto walipolia sana walipewa dawa ya kuwalaza usingizi, na dawa hiyo iliwaua wengi. Wengine waliuzwa kwa bei ya chini kabisa, hata kwa waombaji waliotaka mtoto wa kuwatia watu huruma njiani.

Watu wakisikia habari hiyo humlaani yule mjane. Mimi pia siwezi kumsifu, maana kuuza mtoto ni dhambi kubwa, hata mtu awe amechoka namna gani. Lakini tuhesabu pamoja. Mtoto mchanga mmoja humwamsha mama yake mara tatu au nne kila usiku. Mama aliyezaa mapacha twamwonea huruma, twamtekea maji, twamchanjia kuni, mama mkwe huja kukaa naye. Basi wanawake wawili au watatu, na nyumba iliyojaa vilio usiku na mchana, bila mtu wa kuwapokea kazi, bila fedha, itakuwaje? Dawa ya usingizi walinyweshwa watoto, lakini aliyekosa usingizi alikuwa mlezi. Wakubwa wa mji waliofahamu hesabu ile wakanyamaza, wao nao wana sehemu yao katika dhambi ya La Couche.

Mwaka 1638 Vincent de Paul na Mabibi wa Upendo, yaani wake wa wakubwa na matajiri waliomsaidia katika kazi zake, walianza kuwatwaa watoto hao. Angalieni jinsi walivyoanza. Hawakuwatwaa wote. Walitwaa kumi na wawili tu, waliochaguliwa kwa kura, wakawaweka chini ya ulinzi wa Louise de Marillac na masista wake. Kuacha wengine nyuma kulikuwa msiba. Hata hivyo walipima kwanza fedha walizo nazo na mikono waliyo nayo. Mwaka 1640 ndipo walipokubali kuwapokea watoto wote walioletwa.

Masista hao walikuwa Mabinti wa Upendo, shirika lililoanza tarehe 29 Novemba 1633 katika nyumba ya Louise. Kabla ya siku hiyo alikuwapo msichana mmoja ambaye Vincent alimhesabu kuwa wa kwanza wao wote, jina lake Marguerite Naseau, wa kijiji cha Suresnes. Alikuwa mchunga ng'ombe. Alijifunza kusoma peke yake, akiwauliza wapita njia herufi na maneno, kisha akaenda kijiji hata kijiji kuwafundisha wasichana wengine. Kwa hiyo, kabla ya kuwahudumia wagonjwa, alikuwa mwalimu. Mwezi wa Februari 1633 alikufa kwa tauni, maana alimlaza kitandani mwake mwanamke mwenye ugonjwa huo.

Twamheshimu Marguerite kwa haki, tena sana. Lakini Vincent na Louise hawakukifanya kitanda kile kuwa kanuni kwa wote. Kanuni waliyowapa masista ilikuwa na saa zake: kuamka saa kumi alfajiri, kulala saa tatu usiku. Ni saa saba za usingizi, katika shirika ambalo kazi yake haikuwa na mwisho. Na masista walipopewa kazi katika hospitali ya mji wa Angers, mapatano yaliandikwa mwaka 1640 na wakubwa wa hospitali ile. Mojawapo ya maneno yaliyowekwa ni kwamba masista wahesabiwe kuwa mabinti wa nyumba, si watu wa kukodishwa, na sista akiugua atunzwe na kupewa dawa. Louise hakutumaini wema wa watu peke yake. Alitaka neno liwe karatasini, lenye sahihi.

Ukisoma barua zake kwa masista waliokuwa mbali, utamkuta akitaja mambo ya sala na roho, kisha anarudi kuuliza kama mwenzao aliyekuwa mgonjwa amepona, kama wanakula vya kutosha. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuugua-ugua maisha yake yote, na labda ndiyo sababu hakudharau maumivu ya wengine.

Sasa nifike Bicêtre. Mwaka 1647 watoto walikuwa wengi, na Mabibi wa Upendo walipata kwa malkia Anne wa Austria ngome ya zamani, nje ya Paris, iitwayo Bicêtre. Ngome ilikuwa kubwa na haikulipiwa kodi. Nani angekataa? Louise alikataa. Alisema hewa ya pale ni kali mno kwa watoto, tena ni mbali na mji. Yeye alijua kazi ya kila siku ilivyo: maziwa, nguo za kufua, mtoto anayeletwa usiku, sista anayeanguka mgonjwa na mwenzake anayetumwa kuita mganga. Mabibi waliopanga vyumba hawakulala katika vyumba hivyo. Hawakumsikia. Watoto walihamishwa, wengi wakafa, na Louise akaandika kwamba mambo yenyewe yameonyesha hofu yake haikuwa bure.

Halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaingia. Mwaka 1649 askari walizunguka Paris, mkate ukawa haba, na masista wa Bicêtre walikaa katika hofu pamoja na watoto wao. Fedha za kuwalipa wanyonyeshaji zilikosekana, na wanawake hao walidai haki yao. Louise alimwandikia Vincent kwa mkazo, hata akaona haya kwa kumsumbua. Baada ya miaka michache watoto walirudishwa mjini. Mwaka 1660 Louise alikufa tarehe 15 Machi, na Vincent tarehe 27 Septemba, lakini kazi ya watoto wale ilikuwa imesimama.

Hapa najua wako Wakristu watakaonijibu: «Katekista, sista na mwalimu wamejitoa. Taabu yao ni stahili yao mbele ya Mungu. Mbona wewe wahesabu saa za usingizi?» Ni swali la kweli, na nimelisikia zaidi ya mara moja. Jibu langu ni hili: sadaka hutolewa na mwenye nayo. Marguerite Naseau alikitoa kitanda chake mwenyewe. Yule aliyewapeleka masista Bicêtre hakutoa kitanda chake, alitoa cha wengine. Parokia inayomwacha mama mwalimu bila mshahara miezi mitatu, kisha ikamsifu kwa moyo wake wa kujitolea, inajipa sifa kwa mali isiyo yake.

Turudi kwenye habari. Katika karne ya 19 viwanda viliwaita akina mama kufanya kazi nje ya nyumba zao, na Ufaransa, tangu mwaka 1826, zilifunguliwa nyumba za kuwapokea watoto wao wadogo mchana. Nia ilikuwa njema. Lakini chumba kimoja kiliweza kuwa na watoto mia na zaidi, wamekaa juu ya ngazi za mbao, na mwalimu mbele yao akipiga vipande viwili vya mbao ili wasimame na kuketi pamoja. Mmoja wa walimu hao alikuwa Marie Pape-Carpantier. Alianza kazi pamoja na mama yake mwaka 1834 katika mji wa La Flèche, akiwa msichana asiyetimiza miaka ishirini. Baada ya miaka michache afya yake ilivunjika, ikambidi aache. Mwaka 1842 alirudi kazini katika mji wa Le Mans, na mwaka 1847 akawekwa Paris kuongoza shule ya kuwafundisha walezi wenyewe. Nadhani aliyekwisha kuanguka chini ya mzigo hujua vizuri namna ya kumwonyesha mwingine jinsi ya kuubeba.

Baada yake alikuja Pauline Kergomard, mkaguzi mkuu wa shule hizo tangu mwaka 1881 hata 1917. Hakuwa Mkatoliki, lakini aliyoyaona ni kweli kwa kila mtu. Mwaka 1881 nyumba zile zilipata jina jipya, shule za maternele, na jina hilo ndilo lililotufikia sisi kwa lugha ya Kifaransa. Kergomard alipigana na madarasa yaliyojaa mno, maana mwalimu mwenye watoto mia hawezi kuwalea, aweza kuwanyamazisha tu. Tena sheria za wakati ule zilimtambua mwanamke wa utumishi, yule anayewaosha watoto, kuwapeleka chooni na kufagia. Mtu huyu mara nyingi husahauliwa, lakini asipokuwapo kazi yake yote humwangukia mwalimu.

Na kwetu Kongo? Tarehe 26 Februari 1977 Kanisa na Serikali walifanya mapatano juu ya uongozi wa shule, na tangu hapo twasema shule za konvansioni. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 yahesabu maternele kuwa sehemu ya masomo ya taifa. Lakini Serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure mwaka 2019, yalikuwa ni ya shule ya msingi. Maternele haikuingia. Kwa hiyo mahali pengi mshahara wa mama mwalimu hutoka katika mchango wa wazazi, na mzazi mmoja akichelewa, na wa pili, na wa kumi, ni yeye anayelala na njaa. Ni ile shida ya wanyonyeshaji wa mwaka 1649.

Njaa si ugonjwa wake wa pekee. Sauti ndiyo hufa kwanza. Waganga wanajua kwamba walimu huugua koo na sauti kuliko watu wa kazi nyingine nyingi, na darasa lililojaa chini ya mabati wakati wa mvua humlazimisha mtu kupiga kelele saa nne mfululizo. Kisha mgongo, kwa kuinama juu ya meza fupi na kuwabeba watoto wanaolia asubuhi. Kisha mafua, kuhara, macho mekundu, ambayo watoto huleta kutoka nyumba hamsini na kumpa mtu mmoja. Na kuna jambo ambalo akina mama huona haya kulisema mbele ya kamati. Mwalimu aliye peke yake na watoto hawezi kuwaacha aende chooni. Basi hujizuia, na ili aweze kujizuia hanywi maji tangu asubuhi. Sauti isiyopata maji hukauka, na njia ya mkojo hupata maumivu. Mama huyo akigombeza mtoto saa tano, tusishangae sana.

Mambo hayo hayangoji fedha za Ulaya. Mama mmoja wa parokia, kwa zamu, aweza kukaa na watoto nusu saa kila asubuhi ili mwalimu anywe maji, aende chooni, akae kimya kidogo. Mwalimu mwenye homa abaki nyumbani bila kukatwa mshahara, na jina la yule atakayeshika nafasi yake lijulikane tangu mwanzo wa mwaka. Mchango wa wazazi upokewe na kamati, si na mwalimu mwenyewe, ili asiwe mdai wa watu ambao watoto wao yumo kuwafundisha. Na haya yote yaandikwe, kama Louise alivyotaka yaandikwe kule Angers.

Tena kuna kiti. Katika madarasa mengi ya maternele viti vyote ni vya watoto wa miaka minne, na mwalimu huketi juu yake magoti yakigusa kidevu, au husimama hata kengele ya mwisho. Kiti kimoja cha mtu mzima, chenye mahali pa kuegemea mgongo, fundi seremala wa parokia aweza kukitengeneza kwa siku moja, na mbao zake ni mabaki ya zile za kuezekea.