Mistari Mitatu Juu ya Miwili

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate anajulikana zaidi kwa shairi lake la Al-Inkishafi. Mimi, mwalimu wa ushairi hapa Mombasa, huanza na kazi yake nyingine. Alichukua tungo inayonasibishwa na Fumo Liyongo, mshairi na shujaa wa kale wa pwani, akaifanyia takhmisi: katika kila ubeti wa mistari mitano, miwili ya mwisho akamwachia Liyongo, mitatu ya juu akaitunga yeye. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika Swahili Tales.

Hebu fikiria ugumu wake. Kila mstari una mizani 15: sita, nne, kisha tano. Vina vyako havina budi kufuata alivyoviacha mwenye tungo, na huna ruhusa ya kumbadilishia hata neno. Mistari yako mitatu imfikishe msikilizaji kwenye ile miwili kana kwamba yote mitano imetoka kinywa kimoja. Kwa hiyo kabla hujashika kalamu inakubidi umhoji mwenzako. Kwa nini neno hili amelichelewesha hadi mwisho? Hapa katikati amenyamazia nini? Hasira hii inamlenga nani? Sijui mhakiki anayesoma kwa makini kuliko huyo. Shairi usilolielewa unaweza kulisifu, na wengi hufanya hivyo. Kulitungia takhmisi huwezi, mshono utaonekana.

Na anayefanya kazi hiyo ubeti baada ya ubeti hatoki kama alivyoingia. Amekwisha kupima kwa mkono wake uzito ambao mstari mmoja wa bwana mwingine unaweza kuubeba. Naamini sehemu ya ule ukali wa Al-Inkishafi, ambapo hakuna neno linalokaa bure, ilinolewa katika mazoezi ya namna hii.

Mombasa na Lamu kulikuwa na njia kali zaidi ya kumsoma mshairi mwenzako. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipokuwa wakivutana na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu. Hapo hapakuwa na upole wa takhmisi: unamsoma mwenzako ili ujue pa kumshika. Lakini ni usomaji ule ule. Ukikosea neno lililobeba shairi lake, jibu lako linapita kando na mji mzima unasikia. Mashairi hayo ya Muyaka yangepotea mengi kama si Mwalimu Sikujua, naye mshairi, aliyeyakusanya na kumfafanulia mmisionari William Taylor. William Hichens aliyatoa kama diwani mwaka 1940. Huyo mwalimu namheshimu sana: alitumia akili ya mtunzi kutunza maneno ya mtu aliyemtangulia.

Baadaye malumbano yalihamia magazetini, Mambo Leo likiwemo, ambalo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Tena mtunzi alisoma akiwa tayari kujibu.

Kuna vitabu viwili ninavyoviweka pamoja. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakati mzozo wa vina na mizani ulikuwa bado moto baada ya Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi ya 1974. Kwa msimamo, vitabu hivi viko mbali. Amri Abedi anatetea kanuni. Wale wawili wanayafungulia mlango mashairi huru. Lakini vyote vinaunganisha hukumu juu ya ushairi na mashairi ya mwenye kuhukumu, ndani ya jalada moja. Msomaji akimaliza nusu ya kwanza, anafungua ya pili na kumpima mwandishi kwa mizani aliyoitengeneza mwenyewe.

Wanafunzi wangu nawapa mistari miwili ya mwenzao wa dawati moja, si ya Liyongo. Wanatunga mitatu ya juu, kisha mwenye ile miwili anakaa karibu na kusema kama ndivyo alivyokusudia.