Noti Aliyoisahau Gillian

Sindano ikigusa santuri ya Blue Monday, wimbo wa bendi ya New Order, kwanza ni ngoma tupu ya mashine: midundo mizito kadhaa, kisha mfululizo wa haraka unaofyatuka kama cherehani iliyokanyagwa kwa nguvu. Kwa sisi tuliolelewa na rumba, ambako mwimbaji hutangulia na sebene likaja baadaye, hapa mambo yamepinduliwa. Mwimbaji, Bernard Sumner, anakaa kimya zaidi ya dakika mbili ndipo afungue kinywa, na anapoimba, sauti yake ni baridi kama ya mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Miaka mitatu kabla ya wimbo huu kutoka, yeye hakuwa mwimbaji. Alipiga gitaa katika Joy Division, bendi ya huko Manchester iliyojulikana kwa nyimbo za huzuni. Mei 1980, siku chache tu kabla ya ziara ya Marekani, mwimbaji wao Ian Curtis alijiua. Waliobaki, Sumner, Peter Hook wa besi na Stephen Morris wa ngoma, wakajiita New Order, wakamchukua Gillian Gilbert apige kinanda. Masikio yao yakaanza kuelekea kwenye disko na muziki wa mashine: Donna Summer, Sylvester, Kraftwerk.

Wenyewe husimulia kwamba Blue Monday ulianza kama dawa ya uvivu. Mashabiki walinung'unika kwamba bendi ikimaliza onyesho hairudi tena jukwaani hata ikiitwa. Basi, wakawaza, tutengeneze kitu ambacho mashine zitapiga zenyewe: bonyeza kitufe, nenda zako.

Kitufe hicho kiligharimu jasho. Hawakuwa na kompyuta ya kupanga muziki kwenye skrini. Sumner aliunga kwa mikono yake kifaa cha kuamrisha sintesaiza, kutoka kwenye vipuri vilivyouzwa kwa mafundi wa nyumbani. Gillian ndiye aliyekabidhiwa kuingiza noti, moja baada ya moja. Alizichora kwenye karatasi nyingi zilizounganishwa kwa utepe hadi zikatandaa studioni. Mwenyewe alizifananisha na kielelezo cha kufumia sweta. Katikati ya msururu huo akaruka noti moja. Kwa hiyo kinanda kikateleza kidogo, kikawa hakikanyagi sawasawa na ngoma. Waliposikiliza, wakaipenda ile hitilafu na kuiacha. Nadhani ndiyo inayoufanya wimbo uchezeke: mashine inayochechemea kidogo inafanana na mtu. Juu yake Hook akapitisha besi yake, akiwa na muziki wa filamu wa Ennio Morricone kichwani.

Kampuni ya Factory iliitoa singo hiyo Machi 1983, kwenye santuri ya inchi 12 tu, dakika saba na nusu. Msanifu Peter Saville alikuwa ameona flopi ya kompyuta kwa Morris, akavutiwa, akabuni jalada lenye umbo lake, matundu yakiwa yamekatwa kweli kwenye karatasi. Upande wa mbele hapakuwa na jina la bendi wala la wimbo. Pembeni palikuwa na vipande vya rangi, rangi zikisimama badala ya herufi kwa atakayeweza kuzifumbua. Ukataji huo ulikuwa ghali mno, hata ikasemwa kwamba kila nakala iliyouzwa iliitia Factory hasara. Kiasi cha hasara hubadilika kulingana na msimulizi. Hakuna aliyetegemea ingeuzwa sana.

Mwisho wa mwezi huohuo wa Machi walialikwa kwenye Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC. Wengine walifungua midomo tu huku santuri ikipigwa. Hawa wakashikilia kupiga moja kwa moja, na mitambo ikawaaibisha mbele ya taifa. Hata hivyo madijei hawakuitupa. Oktoba ikapanda hadi nafasi ya 9 Uingereza, na leo hutajwa kuwa santuri ya inchi 12 iliyouzwa kuliko zote. Wakati huo diski ya dhahabu hawakupewa: Factory haikuwa mwanachama wa chama cha makampuni ya kurekodi kinachozitoa.