Mfupa usipounga baada ya kuwekewa nyonga bandia
Mtu mwenye nyonga bandia akianguka, mfupa wa paja unaweza kuvunjika kandokando ya chuma na ukagoma kuunga. Miezi inapita, bado akikanyaga anaumia. Asikandwe wala kuvutwa mguu, apigwe eksirei.

Kabla ya upasuaji hupimwa maambukizi, maana mfupa wenye usaha huunga kwa shida hata ukifungwa vizuri. Chuma kikiwa imara, daktari huondoa kovu, hupandikiza mfupa, mara nyingi wa mgonjwa mwenyewe, na kufunga bamba kwa skrubu na waya. Kikiwa kimelegea, huwekwa kingine chenye shina refu zaidi.

Kutoka Kibondo au Kasulu hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni mbali. Beba picha za zamani na karatasi ya upasuaji wa kwanza: daktari lazima ajue chuma gani kimo ndani.