Fundi au Msomi?

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika mkoa wa Tanga, karibu na mashamba ya mkonge. Mwisho wa mwaka niliitisha mkutano wa wazazi wa darasa la saba. Nafasi za sekondari, kama ilivyokuwa kawaida ya miaka ile, zilikuwa chache mno; katika darasa la watoto arobaini na kitu, ukipata wawili waliochaguliwa unamshukuru Mungu. Basi nikasimama nikawaambia wazazi maneno niliyotumwa kuyasema, na ambayo mimi mwenyewe niliyaamini: kwamba waliobaki si walioshindwa, kwamba kituo cha ufundi stadi cha kata ya jirani kinafundisha useremala na uashi, na kwamba ufundi ni kazi ya heshima. Nadhani nilizungumza vizuri. Nilipomaliza, mzee mmoja mkata mkonge akanyoosha mkono.

"Mwalimu Mkuu, tumekusikia. Je, na watoto wako wewe watakwenda kituo hicho?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza wakingoja jibu. Binti yangu wa kwanza wakati huo alikuwa na miaka mitano. Nilijibu kwamba mtoto atafika pale uwezo wake utakapomfikisha. Mzee akaketi. Hakusema neno tena, wala hakumpeleka mwanawe kituoni.

Swali lile limenirudia baada ya miaka arobaini na ushei, kwa sababu binti yule yule amenipigia simu. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na amefaulu vya kutosha kuendelea na kidato cha tano, lakini hataki. Anataka kujifunza ufundi wa majokofu na viyoyozi. "Baba, sema naye," aliniambia. "Wewe ni mwalimu, na ni babu yake. Atakusikia." Nilimwahidi kwamba nitasema naye. Lakini kabla ya kusema na mtoto niliona heri kwanza nijiulize hii hofu tuliyo nayo wazazi juu ya ufundi tumeitoa wapi, maana hatukuzaliwa nayo.

Baba yangu alikuwa seremala. Alifanya kazi Ngamiani, mjini Tanga, akitengeneza vitanda na milango ya mvule na mninga. Hakupata kukaa darasani isipokuwa chuoni kwa maalimu, alikosoma Kurani. Useremala aliupata kwa kukaa miguuni pa fundi wake miaka mingi, kwanza akifagia maranda, kisha akishikilia ubao, kisha akikabidhiwa msumeno, na mwisho patasi. Lugha yetu yenyewe yakumbuka elimu ya namna hiyo. Neno fundi lina mzizi mmoja na kufunda, na kufundisha, na mwanafunzi. Kwa wazee wetu wa pwani fundi ni yule anayejua jambo kiasi cha kuweza kumfunda mwenziwe, liwe ni kuunda jahazi, kuchonga mlango au kushona kanzu. Haikuwapo njia mbili, moja ya wenye akili na nyingine ya waliobaki.

Njia mbili zilikuja baadaye, na hapo Tanga tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuziona. Wajerumani walifungua shule yao mjini mwaka 1892. Karakana ilikuwapo, na gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilitolewa na shule hiyo. Lakini serikali ile ilihitaji zaidi watu wa kuandika hesabu za kodi na kupokea amri. Aliyejua kusoma na kuandika akawa karani, au mwalimu, au akida. Alipokea mshahara wa mwezi. Fundi alilipwa kwa kazi, na siku isiyo na kazi haina malipo. Watu wakaona, na hawakuhitaji kuhubiriwa.

Waingereza walipochukua nchi walikuja na hubiri jingine. Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Kielelezo chao kilikuwa shule ya Tuskegee, aliyoianzisha Booker T. Washington mwaka 1881 kwa ajili ya watoto wa Wamarekani weusi, ambako useremala, ufyatuaji matofali na kilimo vilikwenda pamoja na masomo. Tume ikashauri elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini kwake: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa elimu kwa makoloni yake ya Afrika wenye mawazo yanayofanana na hayo.

Ukiyasoma mapendekezo hayo leo, mengi ni mazuri. Nani atapinga mtoto kujua kulima vizuri au kujenga choo salama? Shida haikuwa katika somo, ilikuwa katika anayeambiwa. Shule zilikuwa za rangi tatu, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na mishahara vivyo hivyo. Mtoto wa mlowezi hakuambiwa kwamba elimu imfaayo ni ile ya kumrudisha shambani kwa jembe la mkono. Kule Kenya walowezi walitaka mafundi wa Kiafrika ambao wangelipwa chini ya mafundi wa Kihindi, na mwaka 1924 kilifunguliwa Kabete chuo cha serikali cha kuwafunza. Hata ndani ya tume yenyewe, Mwafrika aliyekuwamo, James Aggrey wa Gold Coast, alikuwa mtu wa vitabu na shahada. Hakufika pale kwa randa.

Wazazi wakafanya walichokiona sawa. Wakikuyu walijenga shule zao wenyewe nje ya misheni, na miongoni mwa madai yao ilikuwa watoto wafundishwe Kiingereza mapema. Hawakuwa watu wa kujivuna waliodharau jasho. Walikuwa wakulima waliochanga kwa jasho hilo hilo. Walikuwa wamesoma ngazi ya mishahara kwa usahihi kuliko waliowaandikia mitaala.

Lakini ushahidi unaonishangaza zaidi si wa wazazi, bali wa vyuo vyenyewe. Mwaka 1922 huko Kampala, juu ya kilima cha Makerere, ilifunguliwa shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14 tu, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hiyo ndiyo Makerere ambayo mwaka 1943 alikwenda Julius Nyerere kusomea ualimu, na ambayo mwaka 1949 ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Nairobi nako, chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kilikuwa cha ufundi, kwa jina na kwa hati ya kifalme. Mwaka 1961 neno ufundi likaondolewa katika jina lake, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Shuka pwani. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ilianza kupokea vijana mwaka 1951 ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, kwa michango ambayo Sultani wa Unguja alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitoa. Mwaka 1972 ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu. Kwetu Dar es Salaam, taasisi ya ufundi ya mwaka 1957 ikawa Chuo cha Ufundi, kisha mwaka 1997 ikawa Taasisi ya Teknolojia, yenye kutoa shahada. Chuo cha ufundi cha Mbeya nacho kilifikia kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Na shule za Ifunda na Moshi, zilizoanza katika miaka ya 1950 kwa kufundisha kazi za mikono tu, zikageuzwa sekondari baada ya Uhuru.

Kila chuo kilichoambiwa kikae na randa kimepanda ngazi mara kilipopata nafasi, na hakuna aliyekilaumu. Kwa nini basi tumlaumu mkata mkonge anayemtakia mwanawe yale yale ambayo chuo kimejitakia? Tena vyuo vilipopanda, karakana zikapungua nyuma yao, na aliyetaka kuwa fundi mchundo akaachiwa mahali palipobaki.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alisema shule ya msingi isiwe maandalizi tu ya sekondari ambayo wengi hawataiona, bali iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Sisi walimu tuliipokea kwa moyo. Nimelima na wanafunzi wangu mahindi na pamba miaka mingi, na sijutii. Ila miaka miwili kabla yake mtaalamu mmoja, Philip Foster, aliyezichunguza shule za Ghana, alikuwa ameandika jambo ambalo nilikuja kulisoma nikiwa karibu kustaafu. Alisema kwamba elimu ya vitabu ndiyo iliyokuwa elimu ya kazi hasa, kwa sababu ndiyo iliyompeleka kijana kwenye ajira zenye malipo. Na kwamba mtaala hauwezi kugeuza hesabu hiyo maadamu mishahara haijageuka. Nililiweka kitabu chini nikamkumbuka yule mzee. Aliyasema yote hayo kwa sentensi moja.

Na wazazi wa Tanzania waliendelea kusema kwa vitendo. Kilimanjaro, Kagera na kwingineko walichanga wakajenga sekondari, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zikazidi za serikali kwa idadi. Mimi nami nilimpeleka binti yangu katika mojawapo, kwa ada iliyonitoa jasho. Kituo cha ufundi nilichokisifu mkutanoni nilikuwa nakipita kwa baiskeli. Kilikuwa na meza nne za useremala na seti moja ya patasi iliyofungiwa kabatini isipotee.

Wala si mimi niliyeanza. Baba yangu, seremala hodari, hakunifundisha useremala hata kidogo. Siku moja, nikiwa darasa la nne na mtihani u karibu, alinikuta nimeshika randa yake nikajaribu kulainisha kipande cha ubao. Aliichukua bila ukali, akaifuta, akasema, "Hii itakulisha ukinyimwa kingine. Nenda kasome." Nilifikiri anaionea randa aibu. Leo nadhani alikuwa akizihesabu siku zisizo na kazi.

Je, hesabu imegeuka sasa? Nasema kwa tahadhari, kwa maana kuna wanaoshangilia ufundi siku hizi kwa sauti niliyokuwa nayo mimi mwaka 1984. Wenye shahada wasio na ajira tunao katika kila mtaa, na shahada peke yake haimwiti tena mwajiri kama ilivyomwita zamani. Upande wa pili, sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA na kukipa chuo cha ufundi stadi mwenye kukisimamia. Na tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeingiza mkondo wa amali katika sekondari. Haya ni mema. Lakini fundi asiye na zana ni sawa na karani asiye na ofisi, na chuo kisicho na mashine kinamfundisha kijana kuchora mashine ubaoni. Nimewaona vijana wenye vyeti vya umeme wanaoendesha bodaboda, kama nilivyowaona wenye shahada.

Jambo ambalo naona limegeuka kweli ni moja, nalo ni mlango wa kupandia. Zamani ukiingia ufundi umefungiwa humo. Siku hizi ngazi zimeunganishwa, walau katika maandishi: fundi mchundo aweza, akitimiza masharti, kusoma akawa fundi sanifu, na fundi sanifu akawa mhandisi. Mzazi anayechagua chuo cha ufundi bila kuuliza habari za mlango huo anamrudisha mtoto mwaka 1924.

Mjukuu alikuja Jumamosi. Alinishika mkono, "Shikamoo babu," akaketi mkekani, akanieleza kwa nini majokofu: samaki wa Tanga wanaoharibika kabla ya kufika sokoni, dawa za zahanati zinazotaka baridi, na fundi mmoja mtaani kwao ambaye hana nafasi hata ya kula mchana. Nilimwuliza nani atamnunulia zana, na kama anaikimbia hesabu ya kidato cha tano. Kuhusu zana hakuwa na jibu. Kuhusu hesabu aliniambia, "Siikimbii babu. Nataka niione ikifanya kazi." Tulitembelea vyuo viwili. Cha kwanza kilikuwa na chumba kizuri cha kupokea wageni na jokofu moja bovu la mazoezi. Cha pili kilikuwa na vumbi na vijana kumi na wawili waliofungua mitambo wakaitandaza sakafuni, na mwalimu wake alijua kutueleza wahitimu gani wameendelea na stashahada.

Jioni nilimpigia mama yake, nikamweleza yote, hata habari za mkutano ule wa 1984, ambazo sikuwahi kumsimulia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Baba, na mimi ningekuomba hivyo mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne, ungenikubalia?"

Nilimwambia kweli, kwamba nisingemkubalia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ada ni kiasi gani kwa muhula na ni zana gani zinatakiwa siku ya kwanza. Nilivaa miwani nikamsomea orodha.