Maumivu Yenye Hayaonekani: Historia ya Wagonjwa Wenye Hawakuaminiwa

Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi walimu tunafundisha mezali hii kila mwaka. Tunaiandika ku ubao, wanafunzi wanaiandika mu daftari, kisha tunafuta. Lakini kuifundisha ni kitu kimoja, kuishika ni kingine. Tunakiri hapa mbele ya wasomaji wetu kwamba sisi wenyewe tuliikosea.

Ku shule yetu kulikuwa mama mumoja, mwalimu wa Kifaransa. Alianza kuumwa mwili muzima: shingo, mabega, mugongo, kiuno, mapaja. Leo hapa, kesho pale. Alilala usiku muzima, lakini aliamuka amechoka. Alituambia: "Ndugu zangu, naamuka sawa vile nililima usiku wote." Alienda ku lopitali. Wakamupima malaria, damu, mukojo, wakamupiga radio ya mugongo. Wakamwambia: "Mama, ekzame zote ni nzuri, hauna kitu." Akarudi na mufuko wa vidonge. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Na sisi, mu chumba cha walimu, tukasema maneno yenye tunaona haya kuyaandika: anaogopa kazi, anajifanya, pengine ni mambo ya nyumbani kwake. Ikapita miaka mingi mbele muganga mumoja amupatie jina la ugonjwa wake: fibromialjia.

Siku ile tulinyamaza. Kisha, kwa kuwa tunafundisha historia, tukajiuliza: ugonjwa huu umetoka wapi, na juu ya nini watu wenye kuumwa nao hawaaminiwi?

1. Majina mengi, kilio kile kile

Mu mwaka wa 1869, muganga mumoja wa mishipa ya fahamu wa New York, George Beard, aliandika juu ya ugonjwa aliouita nerasitenia, maana yake uzaifu wa mishipa ya fahamu. Aliwaza kwamba mwili una nguvu sawa akiba ya makuta, na kwamba maisha ya mji, pamoja na treni, telegrafu na biashara, yanaimaliza. Mwenzake wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, alileta matunzo yake: mugonjwa alale kitandani wiki nyingi, ale sana, atengwe na jamaa yake, asisome wala asiandike. Wengi wenye kutunzwa hivyo walikuwa wanawake. Mumoja wao, mwandishi Charlotte Perkins Gilman, alikaribia kupoteza akili. Mu 1892 akatoa hadisi juu ya mama mwenye kufungiwa mu chumba kwa jina la matunzo.

Mu 1904, kule London, William Gowers alileta jina lingine, fibrositisi. Aliwaza kwamba nyuzi za misuli zinavimba. Waganga waliutafuta ule uvimbe kwa mikroskopi, hawakuuona. Mu 1975, kule Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake walifanya jaribio: walichukua watu wenye afya, na kila walipoingia mu usingizi muzito wakawasumbua kwa kelele bila kuwaamusha kabisa. Baada ya siku chache, watu hawa wazima wakaanza kuumwa mwili na kusikia uchovu. Jaribio hili lilisaidia waganga waache kuangalia misuli peke yake. Mu 1976 likatokea jina la fibromialjia. Mu 1990 waganga wa Marekani wakaweka kanuni: kuna vituo 18 mu mwili, na mutu akisikia maumivu ku 11 vikibonyezwa, pamoja na maumivu ya mwili muzima yenye kupita miezi mitatu, ndiyo fibromialjia. Mu 2010 wakaleta kanuni zingine bila kuhesabu vituo. Wakaanza kumuuliza mugonjwa mwenyewe juu ya maumivu, usingizi, uchovu na kusahau.

Leo wataalamu wanaeleza hivi: mu ugonjwa huu ubongo na uti wa mugongo vinaongeza sauti ya maumivu, sawa radio yenye kifungo chake kimekwama juu. Nyama ya mwili haina kidonda, lakini maumivu ni ya kweli.

Ugonjwa huu una ndugu yake: uchovu wenye hauishi. Mu 1955, ku lopitali ya Royal Free kule London, watumishi karibu 300 walishikwa na ugonjwa wa uchovu na maumivu ya misuli, mpaka lopitali ikafungwa kwa muda. Miaka 15 kisha, mu 1970, waganga wawili wa akili walisoma makaratasi ya wagonjwa wale, bila kuwapima wao wenyewe, wakaandika kwamba ilikuwa histeria. Sababu moja waliyotoa: wengi walikuwa wanawake. Mu 1988 Wamarekani waliupa jina la ugonjwa wa uchovu wa kudumu. Ni mu 2015 ndipo tume kubwa ya wataalamu wa Marekani iliandika wazi kwamba ni ugonjwa wa kweli, muzito, wa mwili. Hesabuni wenyewe: kutoka 1955 mpaka 2015, miaka 60.

2. Uchovu wa bwana na uchovu wa mutumishi

Historia hii haikubaki Ulaya na Amerika. Mwanzoni mwa karne ya 20, waganga wa makoloni walikuwa na jina la nerasitenia ya nchi za joto. Ofisa ao misionere mwenye kuchoka, kukosa usingizi na kuumwa kichwa alipewa jina lile, akarudishwa kwao kupumuzika. Hakuna aliyemwambia kwamba ni muvivu.

Na babu yetu je? Kuanzia 1917, mu Kongo ya Wabeleji, sheria ililazimisha watu wa vijiji kulima mashamba ya lazima, kama pamba, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia siku zikafika 120. Mutu wa kijiji akisema amechoka, mugongo unamuuma, jibu lilikuwa kifungo ao fimbo. Uchovu wa mukubwa uliitwa ugonjwa. Uchovu wa mudogo uliitwa uvivu.

Tunaandika hivi si kwa kuamusha hasira ya zamani. Tunaandika juu tuliona kwamba sisi, watoto wa wale waliopigwa fimbo, tulichukua neno lile lile "muvivu" tukamutupia mwenzetu mu chumba cha walimu. Mukoloni alienda mu 1960, lakini neno lake lilibaki mu kinywa chetu.

3. Pale dawa inashindwa

Wengine watasema: basi anunue dawa. Ukweli ni kwamba dawa hazifiki mbali. Vidonge vya kupunguza uvimbe, kama diklofenaki na ibuprofeni, havisaidii sana fibromialjia, kwa sababu hakuna uvimbe, na vikimezwa kila siku vinaharibu tumbo na figo. Kortizoni haisaidii, nayo ikizoewa inaharibu mwili. Mu Marekani waliruhusu dawa kwa ajili ya fibromialjia, kama pregabalini mu 2007, dulokisetini mu 2008 na milnasiprani mu 2009. Zinasaidia wagonjwa wamoja, tena kwa sehemu tu. Wengine haziwasaidii kabisa.

Mu 2017 wataalamu wa Ulaya walichapa mashauri yao juu ya fibromialjia. Kati ya njia zote walizozipima, moja tu waliipa shauri la nguvu: mazoezi ya mwili, yenye kuanza polepole. Kutembea, kuogelea, kunyoosha viungo. Lakini hapa tusichanganye ndugu wawili. Kwa mutu wa uchovu wa kudumu, kujisukuma kunamuangusha: anaweza kufanya kazi leo, kesho ao kesho kutwa akashindwa hata kusimama. Mu 2021 Uingereza iliondoa mu mashauri yake mazoezi yenye kuongezwa kwa ratiba. Badala yake ikashauri mugonjwa apime nguvu zake na kupumuzika mbele hazijaisha.

Tena, mutu asijipatie jina la ugonjwa huu peke yake. Upungufu wa damu, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, tezi ya shingo, rumatizimu na huzuni nzito vinaweza kuleta uchovu na maumivu kama haya, na vingi kati yao viko na dawa. Ekzame zifanyike kwanza. Lakini zikiwa nzuri zote, "ekzame ni nzuri" haina maana ya "hauna kitu".

4. Kile mila yetu inaweza kutoa

John Janzen, Mumarekani aliyeishi kati ya Bakongo, mangaribi ya inchi yetu, alitoa kitabu mu 1978 juu ya namna watu wa kule wanatafuta uponyaji. Aliona kwamba mugonjwa haendi peke yake. Ndugu na marafiki wanakusanyika. Wao ndio wanashauriana kama aende ku lopitali ao kwa muganga wa mila, wanatafuta makuta, wanamusindikiza, wanakaa naye. Musomaji wa Kivu ao wa Katanga atasema: hata kwetu ni vile. Kabisa.

Tusijidanganye lakini. Mukutano ule ule wa jamaa uliweza pia kugeuka hukumu. Maumivu yakikataa kwisha, mutu anaanza kutafuta nani amemuloga, na bibi muzee wa jirani anapata shida ya bure. Hii sehemu ya mila tuiache. Lakini ile nyingine, ya kusindikiza, tuishike kwa nguvu, kwa sababu ugonjwa wa miaka mingi unahitaji kwanza watu wenye hawachoki.

Tuko pia na likelemba. Wengi leo wanajua likelemba ya makuta: leo tunamupa huyu, mwezi ujao yule. Lakini mu vijiji watu wanasaidiana vile vile kwa jembe: leo shamba lako, kesho langu. Mwenye nguvu kidogo anafanya kazi ya kukaa, kuchagua mbegu ao kupika, na hakuna anayemuhesabia jembe. Kile Uingereza iliandika mu 2021, kupima kazi kulingana na nguvu, wamama wa vijiji wetu waliweza kukielewa bila kukisoma.

Ku shule yetu tulijaribu likelemba ya namna hii. Tulipanga ratiba upya: mama mwalimu anafundisha saa ambazo mwili wake unamuruhusu, na kati ya saa moja na nyingine kuna nafasi ya kupumuzika. Tulimuwekea kiti mbele ya darasa. Mwanafunzi mumoja anaandika ku ubao, naye anasomesha akiwa amekaa. Sisi wengine tunagawana masahihisho wakati wa mitihani. Naye, siku zake nzuri, anasahihisha barua zetu za Kifaransa. Asubui anatembea polepole pamoja na dada yake. Na swali letu limebadilika. Zamani tulimuuliza: "Ekzame zinasema nini?" Sasa tunamuuliza: "Mama, leo iko namna gani?" Kisha tunangojea jibu.

Hajapona. Tungedanganya tukisema amepona. Kuna siku bado anashika ukuta. Lakini alituambia jambo moja: tangu tuache kumushitaki, amepunguza kazi moja kubwa, kazi ya kuonyesha kwamba anaumwa. Nguvu yake aliyokuwa anaipotezea pale, sasa anaifundishia Kifaransa.

Ndugu musomaji, angalia ku kazi yako, ku kanisa lako, mu lupango lwako. Pengine kuna mutu mwenye munamuita muvivu. Kitanda chake haujakilalia. Mbele ya kumuhukumu, kaa naye kidogo, muulize, na umuamini.