Siku ya Kuzaliwa ya Bazee Wetu

Juu ya kilio, mahari na majina ya mapacha, wengi wamekwisha kuandika. Juu ya siku ya kuzaliwa ya muzee, karibu hakuna kitu. Watu wanasema ile haiko desturi yetu, ni kintu cha Bazungu, ilifika pamoja na gato na mishumaa. Tunakubali nusu. Gato ni ya Bazungu, ndiyo. Lakini namna feti hii iliingia mu nyumba za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni historia yetu wenyewe, na inapita mu kambi za kazi, mu vitabu vya ubatizo na mu ofisi ya pensheni.

Zamani mutu hakuhesabu myaka yake. Alijua mukubwa wake na mudogo wake, na ile ilitosha: nani anasalimia wa kwanza, nani anasema mbele mu lukiko. Mwaka wenyewe ulishikwa na jambo. Watu wa Bunkeya walihesabu tangu kifo cha Mwami Msiri, mu 1891. Wengine walisema mbele ya treni kufika Elisabethville ao nyuma yake, maana yake 1910. Kisha kulikuwa homa kubwa ya 1918. Hata leo, ukimuuliza nkambo mwanamuke mwaka wake, anaweza kukujibu: "Mama alikuwa ananibeba ku mugongo wakati balipigaka batu masasi ku stade." Hapo umepata: ni Desemba 1941, mugomo wa wafanyakazi wa Union Minière. Jibu la namna ile linapita karatasi nyingi kwa usahihi.

Karatasi zenyewe zilikuja na serikali ya Wabelgiji, juu ya kodi na kazi. Karani alimuangalia mutu, akaangalia mvi na ukubwa wa watoto wake, akakadirisha, akaandika: "né vers 1912". Ile "vers" ilimufuata mutu mpaka ku kaburi.

Mabadiliko makubwa yalitoka mu kambi. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilianza na wafanyakazi wa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengine walikimbia. Mwisho wa myaka ya 1920 kampuni iligeuza siasa yake: mufanyakazi akae na bibi na watoto wake. Kambi zikapata nyumba za kuzalisha, mutoto akapimwa kilo, siku yake ikaandikwa. Kampuni haikufanya vile kwa sababu ya feti. Ilitafuta wafanyakazi wa kesho, na haikuficha. Lakini mutoto wa kambi akapata kitu ambacho baba yake hakupata hata siku moja: tarehe kamili. Kwa hiyo bazee tunaowaona leo Kenya, Katuba na Ruashi, bale balizaliwa mu kambi, ndio kati ya kizazi cha kwanza ambacho kinaweza kusema siku yake bila kutafuta.

Mapadri nao walileta hesabu ingine. Wabenedikto walifika Katanga 1910, Wasalesiani 1911, na pamoja nao sikukuu ya mutakatifu. Baba Petro hakujua alizaliwa lini, lakini 29 Juni alijua kuku itachinjwa. Wakati serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo mu 1972, mutakatifu akatoka ku karatasi. Tunafikiri ni hapo siku ya kuzaliwa ilipata nafasi kubwa zaidi mu familia, maana hamu ya kumufurahia baba haikukatazwa na mutu.

Kisha ikaja pensheni. Sheria ya 1961 iliweka myaka 65 kwa mwanaume na 60 kwa mwanamuke. Mutu wa "vers" akajikuta mara kijana, mara muzee, kadiri ya karatasi iliyo mbele ya karani. Na mu 2003 na 2004, wakati Gécamines ilitosha wafanyakazi zaidi ya 10.000 mu ile iliyoitwa "départs volontaires", kuhesabu myaka ya kazi kukawa uchungu mu nyumba nyingi.

Tufike ku jambo ambalo watu wanaogopa kuandika. Mu mitaa yetu, kuhesabu myaka ya muzee kwa sauti kunaweza kuleta hatari. Kijana akikufa, muzee akibaki, kuna watu wanasema: "Anakula myaka ya batoto." Bamama bazee wamefukuzwa juu ya neno hili moja. Tunajua familia zilizokataa feti ya mama yao kwa woga ule. Sisi tunaona kinyume. Familia ikikodi viti, ikimukalisha mama mbele ya barabara, jirani wakala chakula chake, inasema mbele ya wote kwamba myaka yake ni yake. Hatusemi feti inamaliza maneno ya bulozi. Lakini mutu aliyekula bukari yako juzi anasita kidogo kabla ya kukushitaki.

Na franka? Wengine wanalalamika ni gharama. Viti vile vile tunavikodi ku kilio, pamoja na sanduku na bisi, na ile siku mama haoni kitu.

Feti yenyewe haina sheria. Kama tarehe haijulikani, watoto wanachagua siku ya ubatizo ao ya ndoa. Asubuhi misa ya shukrani. Mchana bukari, sombe, samaki na munkoyo. Mishumaa inapulizwa na bajukuu, juu nkambo pumzi yake anaiweka kwa kucheza. Wasipige muziki wa vijana tu: "Indépendance Cha Cha" ya 1960 ikianza, fimbo zinabaki ku viti.

Kisha mutoto mukubwa anasimama kutangaza: myaka 80. Na karibu kila mara muzee mumoja anakataa: "Hapana, huyu ni mukubwa wangu, alikuwa anachota mayi wakati miye ningali ku mugongo." Mwingine anajibu kwa vita, mwingine kwa mwalimu aliyewafundisha. Wanaendelea mpaka jioni, na gato imekwisha kukatwa.