Zana iliyopotewa na mwenzake

Katika stoo za nyumba kongwe za Lamu, Mombasa na Unguja, kati ya makufuli yenye kutu na bakuli za shaba zilizotoboka, huokotwa kifaa ambacho wengi hukigeuzageuza mkononi kisha hukirudisha kilipokuwa. Ni mti uliochongwa mviringo, wenye chuma cha ncha bapa upande mmoja. Mpini hauna. Ukiugonga haufai, ukiusukuma haukati. Wapo wanaodhani ni pia ya kuchezea, na wapo wanaoapa kuwa ni mguu wa kiti.

Ni keekee, au tuseme ni theluthi moja ya keekee. Zana hii ya kutobolea mbao ina sehemu tatu. Huo mti wenye chuma ndio msukano. Juu yake hukaa jivu, kipande cha mti chenye kishimo, ambacho fundi hukikandamiza kwa kiganja. Ya tatu ni uta, ambao kamba yake huzungushwa kwenye msukano. Uta ukivutwa, msukano huzunguka upande huu. Ukisukumwa, huzunguka upande ule. Kazi ikiisha, hakuna kinachoziunganisha sehemu hizo. Uta huvunjika au huchukuliwa na watoto, jivu huishia jikoni pamoja na kuni, na msukano hubaki mkiwa, hauna wa kuueleza.

Wa kuueleza ni uchakavu wake. Katikati ya mti pana mkanda uliolika na kulainika, ndipo kamba ilipopita. Kichwani, ulipoingia kwenye jivu, umekuwa mweusi kwa msuguano. Chuma nacho kimenolewa kingo zote mbili kama ncha ya mkuki, kwa kuwa kilipaswa kukata kikienda na kikirudi. Chuma cha drili ya umeme, kinachofanya kazi kikizunguka upande mmoja tu, hakina haja ya umbo hilo. Makumbusho yetu mengi huandika kwenye kibao jina, aina ya mti na mahali kilipopatikana, basi. Kwa maoni yangu kibao cha namna hiyo hakijasema kitu. Afadhali mstari mmoja wa kumwonyesha mtazamaji ule mkanda uliolika.

Kutoboa kwa uta hakukuanzia pwani hii. Kaburi la Rekhmire, waziri wa mafarao wa karne ya 15 kabla ya Kristo, lililo ng'ambo ya mto kutoka Luxor, lina michoro ya maseremala wakitoboa kwa uta. Kuna ya zamani zaidi. Mehrgarh, katika Balochistan ya Pakistan, yalifukuliwa meno ya watu yaliyotobolewa zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Watafiti waliotangaza habari hiyo mwaka 2006 wanaona kuwa ilitumika ncha ya jiwe gumegume iliyozungushwa kwa uta, ufundi ambao wenyeji walikuwa nao katika kutoboa shanga. Maumivu yake sitaki kuyawaza.

Huku kwetu, kutoboa mbao kulikuwa ndio roho ya uundaji wa vyombo vya bahari. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani ulioandikwa katika karne ya kwanza, Periplus, unataja vyombo vya kushonwa katika soko la Rhapta. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa wa ukoo huohuo: mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba na tanga lake lilikuwa mkeka. Kila ubao ulihitaji safu ya matundu kwenye kingo zake, yanayolingana na ya ubao jirani, na kamba ikishapita, tundu lilizibwa kwa kijiti ili maji yasipenye. Kosea tundu moja, na mshono mzima umepinda. Mtepe ulififia mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja ulioundwa upya, uitwao Shungwaya, uliwekwa Beit al-Ajaib, Unguja.

Misumari ya chuma ilipoenea, keekee haikustaafu. Ubao mgumu ukipigiliwa msumari mnene bila kutobolewa kwanza hupasuka, kwa hiyo waunda majahazi waliendelea kutoboa ndipo wapigilie, na msumari wenyewe uliviringwa nyuzi za pamba zilizoloa mafuta.

Hapo ndipo inapoingia zana nyingine yenye kuonewa, chembeu. Kwa sura ni patasi, ila mdomo wake ni butu. Mrithi asiyejua kazi ya babu yake huiona, huisikitikia kuwa imeisha makali, huipeleka kwenye tupa na kuiharibu. Chembeu haikati kitu. Kazi yake ni kalafati: kushindilia pamba yenye mafuta katika nafasi kati ya ubao na ubao, ikigongwa kwa nyundo ya mti. Ikiwa na makali itakata pamba na kuchubua ubao, na chombo kitavuja. Ukikuta patasi butu ambayo kichwa chake kimechakaa kwa kugongwa na mdomo wake umelainika bila pengo, iache hivyohivyo. Matondoni na Nungwi bado wapo watakaokuonyesha inavyoshikwa.

Juba, patasi nyingine, haina utata mkubwa. Unene wake unasema wazi kuwa ilichimba matundu ya ndimi katika fremu za milango na kustahimili kubetuliwa. Na mbuzi ya nazi, kwetu, haihitaji maelezo, japo asiyekula wali wa nazi anaweza kuitazama siku nzima akajiuliza nani alikosana na kiti hiki mpaka akakitia meno.

Kazi ya kuitambua zana huwa nzito zaidi pale ambapo hakuna fundi aliyebaki wa kuulizwa. Tumbe, kaskazini mwa Pemba, palikuwa na makazi kati ya karne ya 7 na ya 10. Wanaakiolojia walikuta huko vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji membamba, kama vimekwaruzwa makusudi. Mwaka 2008 James Flexner, Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichapisha uchambuzi wao. Wanavichukua kuwa ni zana za kusagia shanga: vipande vya kombe za baharini vilisuguliwa ndani ya mfereji mpaka vikawa duara. Chungu kilichovunjika hakikutupwa, kigae chake kiliajiriwa upya. Wingi wa vigae hivyo katika makazi unaonyesha kuwa kazi hiyo ilifanyika majumbani.

Katika karne zilizofuata vigae vya mifereji hupungua, na katika miji kama Shanga na Kilwa hujitokeza aina nyingine: vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Mwanaakiolojia Neville Chittick alivipata Kilwa katika miaka ya 1960. Ni vya kusokotea uzi wa pamba. Kijiti hupitishwa tunduni, na uzito wa kigae hukifanya kizunguke kwa muda mrefu huku nyuzi zikijisokota. Kipimo chake ni rahisi, hata mtoto wa shule anaweza kukifanya: tundu liwe katikati hasa, na kigae kiwe chepesi, maana kizito hukata uzi wa pamba. Chenye tundu lililokwenda kando hakiwezi kuzunguka sawasawa, na hicho msokotaji asingekihangaikia. Aulizwe mvuvi, kwa kuwa kuzamisha wavu hakuhitaji tundu la katikati.